Wiki ya 11: "jina leik" limekufa, Misri imebaki kwenye boksi

Jana saa tatu asubuhi mtoto wangu wa kati kasoma "jina lake ni Mwanaisha" na akasema lake. La-ke. Sio leik, lile ziwa la Kiingereza. Nikanyamaza kama sijasikia, nikaingia jikoni nikajifanya natafuta sukari, nikacheka peke yangu mpaka machozi, maana nyie hamjui, hii leik nimeishi nayo tangu Agosti kama mpangaji asiyelipa kodi.

Kwa wale wapya: ninao watatu, mkubwa 12, wa kati 8, mdogo 5, tupo Houston, mimi mtu wa Tanga, mzee wangu, baba yao, ana lori na siku nne za wiki yuko barabarani. Huu ni mwaka wa pili nasomesha nyumbani. Mambo ya sheria siyarudii, Texas mnaijua wenyewe, kusoma, tahajia, sarufi, hesabu na uraia mwema, basi, hakuna anayekuja kukugongea mlango. Shida yangu haijawahi kuwa sheria. Shida ni meza moja, watoto watatu, na vitabu vilivyoandikwa na watu ambao hawajawahi kukaa na mtoto anayeongea Kiswahili na bibi yake jioni.

Hesabu nilishaacha kuhangaika nayo, kila mtu na yake. Mkubwa yupo kwenye vitabu vya hesabu vya Saxon, maswali 30 kila somo, analalamika lakini anafanya, mi nampunguzia nachagua namba witiri leo na shufwa kesho. Wa kati yupo kwenye vile vya Singapore, ile hesabu ya kuchora vibao, inamfaa sana kwa sababu anapenda kuchora kuliko kuandika. Mdogo nampa vijiti vya Cuisenaire, vile ambavyo kila rangi ina urefu wake na namba yake, na kumi moja la rangi ya chungwa linamtosha nusu saa nzima, anapanga cheupe na cha bluu, chekundu na cha kahawia, anagundua mwenyewe. Nikajiambia historia na sayansi nitawafundisha wote kwa pamoja, mzunguko wa miaka minne, mwaka huu mataifa ya kale, tuanze na Misri. Na hapo ndo balaa lilipoanzia.

Nilikaa usiku kucha naandika kurasa za Kiswahili za Misri, maana sitaki Kiswahili kiwe lugha ya kutumwa chumvi tu, nataka wasomee vitu vya maana. Ukurasa wa kwanza: "Hapo zamani za kale palikuwa na mto mkubwa." Nikampa wa kati asome kwa sauti. Akasoma, kwa kujiamini kabisa, "hapo zamani za keil."

Keil. Ile mboga. Dada yake kaanguka chini ya meza. Mdogo akauliza kama mafarao walikuwa wanakula sukumawiki.

Sasa kabla hamjacheka, mtoto hakukosea. Mtaala wake wa kusoma Kiingereza, ule wa sauti za herufi, umemfundisha vizuri sana kwamba e ya mwisho ni bubu na inaifanya irabu ya nyuma itamke jina lake. Kashika. Kashika mno. Na Kiswahili kimejaa maneno yanayoonekana hivohivo kwa macho: lake, pale, wake, mate, kale, wale, dude. Kila neno akilikuta anafanya alivyofundishwa. Jina leik. Kaa peil. Mdomo umejaa meit. Mtoto mtiifu ndo shida yenyewe.

Nilichojaribu, kwa mpangilio wa kukata tamaa. Kwanza rangi. Kiswahili chote nikaprinti kwenye karatasi ya kijani, Kiingereza nyeupe. Kilifanya kazi siku tatu, nikaona nimeshinda, halafu akachukua kitabu cha hadithi cha Kiswahili kwenye shelfu, karatasi nyeupe kama vitabu vyote duniani, leik ikarudi. Kumbe alikuwa anasoma rangi, sio lugha. Pili nikasimamisha Kiingereza wiki mbili nzima, Kiswahili tu, ba be bi bo bu kama tulivyosoma sisi darasa la kwanza. Hiyo ilikuwa tamu kweli, mdogo aliyekuwa anasikiliza pembeni akadaka silabi zote bila mtu kumfundisha, wiki mbili tu anasoma "baba", "bibi", "kuku", "jiko". Nikasema mbona hivi vitu ni rahisi hivi. Siku ya kurudi kwenye Kiingereza wa kati kafungua kitabu, kaona "make a cake", kasoma "ma-ke a cha-ke". Hakujua hata c peke yake afanye nayo nini maana kwetu haipo. Nikafunga kitabu, nikaenda kufua.

Kwenye kufua ndo akili ikanijia. Nilikuwa nawatenganisha hawa maneno kama majirani waliogombana, wakati kitu cha kufanya ni kuwakalisha pamoja. Nikakata kadi za manila. Kadi ya "lake" upande mmoja, tena ile ile moja, hakuna rangi, hakuna bendera, hakuna picha. Halafu kadi za majirani: "jina", "the big", "somo", "a". Anaweka jirani mbele ya neno ndo anaruhusiwa kufungua mdomo. "Jina" ikikaa mbele, ni la-ke. "The big" ikikaa mbele, ni ziwa. Pale: "kaa" au "a ... face". Wake: "mume" au "I". Mate: "tema", na huku mate wa Waingereza, yaani rafiki. Dude ndo wanaipenda kupita zote, "dude kubwa" na huyu dude wa mtaani kwao hapa, yaani jamaa, wanarudia mpaka nakasirika.

Siku ya kwanza akawa anabahatisha. Ya pili anaangalia jirani. Ya nne nikamsikia anamwambia mdogo wake, "we usisome hilo neno, angalia kwanza nani kakaa nae." Hapo nikajua tumefika. Kilichokuwa kinakosekana hakikuwa sheria za herufi, alikuwa hajui kama anatakiwa kuamua yupo lugha gani kabla ya kusoma. Sisi tunaamua bila kujua. Yeye hakuna aliyemwambia.

Kuhusu vifaa maana najua mtauliza. Mashine ya laminesheni nimenunua na najuta, kadi zikishakuwa za plastiki zinateleza, mtoto anazipanga zinakimbia mezani, na ukikosea neno huwezi kufuta. Manila na mkasi vinatosha. Printa ya wino wa chupa ndo mkombozi, ile yangu ya zamani ya katriji ilikuwa inaninywea hela kama mtoto wa kambo. Hadithi za Kiswahili nachukua African Storybook, za bure, zina ngazi, na unaruhusiwa kuprinti na kubadilisha maneno, mi nabadilisha sana. Ubao mweupe mdogo kila mtoto wake, usinunue mmoja mkubwa, watagombania kalamu utajuta kuzaa.

Haya, leik imekufa. Ikaja m.

Mtoto wangu akiona "mtoto" anasema "emtoto". "Mti" ni "emti". Kiingereza hakina neno linaloanza na m halafu t, kwa hiyo anamtafutia m kiti cha kukalia. Nikatumia maharage, kila silabi harage moja mezani, m-to-to, matatu. Nikamwambia mtoto, baba, ile m ya mwanzo ni kama unavyoguna ukionja pilau, mmm, mdomo umefungwa, halafu toto. Mmm-toto. Kakamata siku hiyohiyo, nikajiona mwalimu wa walimu.

Kesho yake kaja na "mmm-buzi".

Hapana baba, mbuzi ni mbu-zi, maharage mawili. Kwa nini? Nikafungua mdomo kujibu nikakuta sina jibu. Mbwa ni m-bwa, mbu ni m-bu, mbuzi ni mbu-zi, mbao ni mba-o. Mimi nimezaliwa na Kiswahili na sijawahi kuliwaza hili jambo hata siku moja. Nikakaa na maharage peke yangu usiku, naongea na meza. Nilichokiona: neno likiwa fupi mno, ukiunganisha m na b linabaki silabi moja tu, basi m inajitegemea, kama n kwenye nchi na nne. Na ile m ya mwanzo kwenye maneno kama mtu na mti, ambayo kwenye wingi inabadilika kuwa watu na miti, inajitegemea ikifuatwa na konsonanti. Halafu nikajichanganya zaidi, mtu mbaya ni m-ba-ya, maharage matatu, lakini nyumba mbaya ni mba-ya, mawili! Neno moja kwa macho, mdomoni mawili. Nikampigia mzee wangu yuko kwenye hailwei nikamwambia tamka mtu mbaya, sasa tamka nyumba mbaya, akaniuliza kama nimelala.

Asubuhi saa mbili tukampigia bibi yao Muheza, kule saa kumi jioni, tofauti saa nane kwa sasa, Novemba wakirudisha saa nyuma zitakuwa tisa. Mtoto kasema shikamoo bibi, bibi kajibu marahaba mume wangu, mtoto kajificha uso na mto kama kawaida. Nikamwomba bibi atamke mbuni. Akauliza, "Mbuni upi, wa kahawa au yule ndege?" Nikamwambia yote mawili mama. Akatamka. M-buni wa kahawa ile m kaivuta kidogo, mbuni ndege kairukia. Wa kati akaweka maharage matatu, akaweka mawili, hakuna aliyemwambia kitu. Mi nimehangaika na sheria usiku mzima, sikio la mtoto limemaliza kwa sekunde mbili.

Na hapo ndo nilipoharibu mpango wote wa mwaka, na sijutii.

Wiki hii ilikuwa zamu ya mumia, zile maiti za Misri zilizokaushwa. Tulishafinyanga mto Naili kwa udongo, umekauka na kupasuka kwenye trei, na boksi la vifaa vya Misri lipo chini ya ngazi. Sijaligusa. Badala yake nikamwambia bibi atutumie voisi za WhatsApp, hadithi yoyote, dakika mbili tatu. Akatuma ya treni, alivyopanda Muheza akiwa msichana kwenda kwa shangazi yake Moshi. Mkubwa kazi yake ni kuandika neno kwa neno anachokisikia, hiyo ndo imla, tahajia na sarufi yake ya Kiswahili, na anaumia kweli maana bibi hana nukta. Nilijaribu programu ya simu ya kugeuza sauti kuwa maandishi, ikaandika "treni ikafika mambo" badala ya mji wa Mombo, nikaifuta, mtoto anajifunza zaidi kwa kurudisha nyuma mara kumi. Wa kati anasoma kilichoandikwa. Mdogo anachora na kuandika neno moja chini ya kila picha. Kijitabu kimoja, madarasa matatu, sijanunua chochote.

Na mambo yanajileta. Reli ya Tanga ilianza kujengwa 1893 enzi za Mjerumani, Mombo ikafika 1905, kama kilomita 130, mkubwa akagawanya mwenyewe akapata hata kilomita 11 kwa mwaka hazifiki, akasema mbona taratibu, ikabidi tuongelee vichaka, milima na watu waliolazimishwa kubeba hayo mataruma. Historia hiyo. Wa kati ananiuliza saa kumi na moja alfajiri ya bibi ni saa ngapi ya kwenye jiko letu, hesabu za saa ambazo kitabu chake kilimchosha kazifanya kwa hiari.

Ila kicheko cha wiki hakikuwa changu. Kwenye voisi bibi anasema, "tukafika Same jua linachomoza." Mkubwa kaandika. Wa kati kafika pale, kasimama. Akaangalia jirani, "tukafika". Akaangalia Same. Akaangalia tena. Nikaona midomo inaanza kwenda kwenye seim, ikarudi. "Sa-me," kasema. Halafu kwa hasira kabisa: "Mama, kwa nini wameita mji hivyo?"

Bado ng'. Ng'ombe anasoma "ngo-gombe", anadhani ile alama juu ni ya kufupisha neno kama kwenye Kiingereza, kuna herufi imefichwa humo. Kadi nimekata, maharage yapo, sijui nianzie wapi, mwenye mbinu aseme. Bibi kashatuma voisi nyingine, ya machungwa ya Muheza, dakika saba, kaongelea ng'ombe wa jirani karibu nusu yake. Mkubwa yupo dakika ya tatu na wino wa bluu umeisha.