Kwanini tunaogopa kumpa mtu hela mkononi?

Ramadhani ilopita kwenye grupu letu la wasap la mtaa, hapa Makorora Tanga, tulikua tunachangishana futari za wajane na wazee, ile ya kila mwaka, mchele sukari tambi tende mafuta ya kula, mi nikasema jamani mwaka huu si tuwatumie hela kwenye simu zao kila mtu akanunue anachokitaka. Grupu kimya! Baadae kaka mmoja akaandika hela italiwa na wajukuu, bora tupeleke kitu kinachoonekana.

Nimelifikiria sana hili. Naona chanzo kimojawapo ni fitri, ile sadaka ya lazima ya mwisho wa Ramadhani. Sisi Waislamu wa pwani wengi ni wa madhehebu ya Shafii, na kwa Shafii fitri ni chakula, pishi ya mchele yani vibaba vinne, toka madrasa tumefundishwa hivo na sina neno nalo kabisa. Ila sadaka ya kawaida haina sharti hilo, ni sisi tu tumezoea.

Basi bibi mmoja nyuma ya kwetu akaletewa sukari na watu watatu, kilo 6 zote pamoja, akaniita pembeni, "mwanangu niuzie hizi nipate nauli ya hospitali ya Bombo na hela ya dawa". Nikazipeleka dukani, mwenye duka akazichukua kwa bei ya chini maana anajua mtu ana shida. Iliniuma sana. Michango yetu imepungua njiani kwasababu hakuna alomuuliza bibi anataka nini.

Na mi naamini tunachoogopa zaidi ni lawama, ukitoa mchele hakuna wa kukuuliza, ukitoa hela ikaenda kusikojulikana unaonekana umeibiwa akili. Mbona TASAF, ule mfuko wa serikali, wamekua wakizipa kaya maskini hela taslimu miaka yote hii? Hata anaepewa nae husita, kule Homa Bay Kenya shirika la GiveDirectly lilikua linagawa hela bila masharti watu wengi tu wakakataa, uvumi ukaenea kwamba ni hela za shetani.

Mwisho tukajitolea watu watatu tu, tukamtumia yule bibi hela kwa simu. Hazikupita dakika kumi akapiga.

"Mwanangu umekosea namba?"

"Hapana bibi, ni yako hiyo."

Akanyamaza. "Sasa mnataka niifanyie nini?"

"Utakavyo mwenyewe bibi."