Nilipojitibu kwa fedha za arubuni

Mwaka jana, zikiwa zimesalia wiki tatu kuingia Ramadhani, niliamshwa usiku na maumivu ya ubavu wa kushoto ambayo sijapata kuyaona maishani mwangu. Mimi ni fundi cherehani hapa Chake Chake. Ninashona makanzu na sare za skuli katika chumba kimoja cha kukodi, na anayeijua kazi hii hahitaji kuelezwa kwamba wiki hizo tatu pamoja na mwezi wenyewe wa Ramadhani ndizo zinazoubeba mwaka mzima. Ugonjwa haukuchagua wakati mwingine.

Kilikuwa kijiwe kwenye mrija unaotoka figoni. Daktari aliniuliza kwa siku ninakunywa maji kiasi gani, nikaona haya kumjibu, kwa sababu fundi anayefukuzia kazi hukaa kwenye kiti tangu asubuhi hadi Laasiri, feni ikimpulizia hewa ya moto, na hukataa kunywa maji ili asilazimike kuinuka kila mara. Akanifahamisha kwamba kwenye joto kama letu mkojo ukipungua huwa mzito, na chumvi zilizomo huanza kugandana hata zikawa jiwe. Nilipewa dawa za maumivu, nikapigwa picha ya tumbo, kisha nikaambiwa nivuke kwenda Unguja kwa kipimo kikubwa zaidi. Nilifunga kufuli mlango wa kazini, nikateremka Mkoani na mdogo wangu kupanda boti. Mlango ule haukufunguliwa tena kwa siku 19.

Sisi Wazanzibari tumelelewa na neno "matibabu bure". Serikali ya Mapinduzi iliyatangaza hayo baada ya Mapinduzi ya mwaka 1964, wazee wetu waliotangulia walikuwa wakiyakumbuka kwa shukurani, nami ni mmoja wa waliozaliwa na kuchanjwa chini ya neno hilo. Silibezi hata kidogo. Lakini mtu aliyejiajiri akiumwa hukuta gharama nyingi ambazo neno hilo halizifikii. Nilipotulia niliziandika zote kwenye daftari: nauli za boti za watu wawili kwenda na kurudi, kipimo kikubwa ambacho nililazimika kukifanya kwenye kituo cha binafsi, kipimo kingine kilichorudiwa huko huko ingawa nilikwenda nacho kutoka Pemba na hakuna aliyenieleza kwa nini, dawa ambazo dirishani niliambiwa hazipo nikazifuata madukani, na chakula cha siku zote hizo, ijapokuwa malazi tuliyapata kwa shangazi yangu Jang'ombe. Jumla ilikuwa shilingi 585,000.

Hiyo ndiyo niliyoilipa kwa mkono. Iliyonipita bila kuiona ni kubwa zaidi. Kwa kawaida msimu wa Idi el-Fitri hunipatia makanzu 60, na ujira wangu ni shilingi 20,000 kwa kanzu moja. Mwaka jana nilishona 22. Makanzu 38 yaliyobaki ni shilingi 760,000, na hakuna risiti yake popote. Mtumishi wa ofisini akilala hospitali wiki tatu mshahara wake humsubiri mwisho wa mwezi. Kwangu mimi siku niliyolala ni siku ambayo cherehani haikuzunguka, na kodi ya chumba haikulala.

Sasa nieleze fedha hizo nilizipata wapi, maana ndilo jambo lililonifanya niandike. Shilingi 15,000 nilikuwa nazo mfukoni. Shilingi 30,000 zilitoka kwenye kikundi chetu cha hisa, cha kuweka na kukopeshana. Shilingi 280,000 nilizipata kwa kuiuza mashine yangu ya ovaloki, ya kufungia pindo, kwa bei ya mtu mwenye shida. Zilizobaki, shilingi 260,000, zilikuwa arubuni za wateja 31, waliokwishaleta vitambaa na kutanguliza kidogo ili nianze kazi. Fedha ya arubuni si ya fundi mpaka amekata kitambaa. Ni amana. Nami niliila nikiwa kitandani, nikijua wazi kwamba ninaila.

Niliporudi nilichukua daftari la vipimo, nikampigia simu kila mmoja. Ukurasa mmoja una majina manane: jina, urefu, kifua, mkono, kola, na pembeni kwa kalamu nyekundu kiasi alichotanguliza. Wengine walikuja kuchukua vitambaa vyao wakapeleka kwengine, wakataka na fedha zao, na ilikuwa haki yao. Niliwaomba subira nikawalipa kidogo kidogo hadi Mfungo Tatu, mwezi wa Idi el-Hajj. Alikuja bibi mmoja wa Wawi, aliyekuwa ameagiza makanzu matatu ya wajukuu. Nilimwamkia, "Shikamoo bibi," nikaanza kujieleza, naye akanikatiza: "Marahaba mwanangu. Kwanza uzima wako. Kanzu la Idi likichelewa watavaa la mwaka uliopita." Akakaa kwenye benchi akapumzika, wala hakuzitaja fedha. Wajukuu zake walivaa makanzu yangu Idi el-Hajj, na ujira sikuuchukua.

Tangu hapo nimekuwa nikiwaza sana juu ya namna sisi tuliojiajiri tunavyolipia maradhi yetu. Nimegundua kwamba tunazo njia, ila zote zinapitia kwenye mtaji. Muuza samaki akiuguliwa na mtoto, hela ya kesho ya mnadani ndiyo inayokwenda hospitali. Mwenye duka huacha rafu zikawa tupu. Mwenye bodaboda huuza bodaboda. Mgonjwa hupona, alhamdulillahi, lakini biashara hubaki mgonjwa kwa muda mrefu baada ya mwenyewe kuinuka.

Zanzibar sasa tunao Mfuko wa Huduma za Afya, uliowekwa kwa sheria ya mwaka 2023. Ulianza na watumishi wa umma, na naelewa kwa nini, kwani mtumishi hukatwa kwenye mshahara kabla haujamfikia mkononi, na mwajiri wake huongeza fungu lake. Kwangu mimi mwajiri na mwajiriwa ni mtu mmoja, kwa hiyo mafungu yote mawili ni yangu, na hakuna wa kunikata. Binamu yangu wa Dar es Salaam aliwahi kunieleza kuhusu vifurushi vya bima vilivyofunguliwa huko mwaka 2019, ambavyo mtu binafsi aliweza kujilipia mwenyewe, na kuhusu sheria yao ya bima ya afya kwa wote ya mwaka 2023. Hayo ni ya Bara. Afya si jambo la Muungano, na njia yetu huku lazima tuitengeneze wenyewe.

Wapo wenzangu wanaosema watajiunga na bima siku watakapoona dalili za ugonjwa. Siwalaumu, maana nami nilifikiri hivyo. Lakini bima haiwezi kuishi kwa namna hiyo: wazima ndio wanaowalipia wagonjwa, na wakijiunga wagonjwa peke yao, mfuko humalizika kabla mwaka haujageuka. Ndiyo sababu bima za hiari huweka muda wa kungoja kabla kadi haijaanza kufanya kazi. Aliyejiunga akiwa na maumivu ya ubavu hukuta maumivu hayo hayajafunikwa.

Kikundi chetu cha hisa kimenifunza zaidi kuliko nilivyotarajia. Tuko 25, na tunakutana kila Jumapili baada ya Alasiri kwenye ukumbi wa mwenzetu. Sanduku letu la bati lina kufuli tatu, na funguo zake zimeshikwa na watu watatu tofauti, ambao hakuna hata mmoja wao anayelala na sanduku nyumbani kwake. Likifunguliwa, kwanza hutolewa kifuko kidogo cha kitambaa cha buluu, ambacho ndicho mfuko wa jamii, na kila mtu hutia shilingi 500 kabla ya kununua hisa. Kifuko hicho hakikopeshwi. Ni cha maradhi na misiba tu, na anayeuguliwa hupewa shilingi 30,000 bila kuzirudisha. Kwa ugonjwa kama wangu ni kidogo, lakini ndizo fedha pekee kati ya zile 585,000 ambazo hazikuacha tundu mahali.

Hata hivyo, mchango ule wa kila wiki una shida yake. Mimi katika mwezi wa Juni naweza kukaa wiki mbili nikishona viraka na kufupisha suruali, na hata shilingi 500 huzitoa kwa kusitasita. Mapato ya Pemba huja kwa misimu. Mimi ninayo mitatu: Idi mbili, na mwezi wa Januari skuli zinapofunguliwa. Misimu ya Idi yenyewe haikai mahali pamoja kwenye kalenda ya ofisini, kwani kila mwaka hurudi nyuma kwa siku kumi au kumi na moja; mwaka 2030 Ramadhani itaingia mwanzoni mwa Januari, juu ya msimu wa sare, na nyingine itaingia kabla ya Disemba kwisha. Mwenye mikarafuu naye hupata mwaka mmoja wa neema na mwingine wa kukodolea macho mashina. Wavuvi wanautazama mwezi na upepo. Ukimwambia kila mmoja wa hawa alete kiasi sawa tarehe 30 ya kila mwezi, atalipa miezi miwili, wa tatu atachelewa, na kadi itafungwa wakati ule ule anapoihitaji.

Nikiulizwa, basi ombi langu ni kwamba mchango wa aliyejiajiri ufuate msimu wake. Mkulima wa karafuu alipe ya mwaka mzima siku anayouza karafuu zake, kwa kuwa siku hiyo fedha anayo na moyo wa kuitoa anao. Fundi alipe katika wiki ya mwisho ya Ramadhani. Vikundi vya hisa, ambavyo vimeenea visiwa vyote viwili na tayari vina daftari, sanduku na watu wanaoaminiana, vipewe kazi ya kukusanya na kupeleka kwa pamoja.

Mimi sikungoja. Tangu Mfungo Tatu nimeingiza matibabu kwenye bei, kama ninavyoingiza uzi, vifungo na umeme. Kila kanzu la msimu linatoa shilingi 2,000, na kila sare ya skuli shilingi 1,000. Makanzu 60 ya Idi ndogo, 30 ya Idi kubwa na sare 100 za Januari zitanipa shilingi 280,000 kwa mwaka, zote zikiwa zimepatikana katika wiki chache ambazo mkono wangu una kitu. Nimezifungulia akaunti yake kwenye simu, na namba ya siri anayo mke wangu. Kwenye meza ya kukatia pana chupa ya maji ya lita moja na nusu, ambayo huimaliza kabla ya Adhuhuri.

Arubuni sasa naziweka kwenye bahasha, kila moja na jina la mwenyewe. Mashine ya ovaloki bado sijainunua tena, na pindo za makanzu nazipeleka kwa mwenzangu wa jirani kwa malipo. Akaunti ile ya simu ina shilingi 160,000 hadi leo, na nimekubaliana na mke wangu kwamba hata ikitokea ovaloki ya bei nafuu, fedha hiyo haitaguswa.