"Kwa hiyo unalipwa kutembea?"

Nikisema napeleka watu milimani, swali la kwanza ni kama nimefika Kilimanjaro. La pili ndilo hilo hapo juu. Haya, hii hapa Jumamosi yangu moja ya Februari.

Saa 9 usiku niko jikoni, Kimara, Dar, nachemsha mayai ya watu 14. Saa 10 Coaster iko Mbezi Luis. Tunaondoka saa 11 kasoro, maana kuna kaka mmoja kila nikimpigia "yuko hapa hapa karibu", na nyuma yake nasikia maji ya bafuni yakimwagika.

Tukifika daraja la Ruvu nawaamsha wateja: maji haya ndiyo yanayosafishwa kwenye mitambo ya Ruvu Juu na Ruvu Chini, ndiyo unayooga Tabata, na sehemu kubwa yanatoka milima ya Uluguru tunakokwenda. Wawili wanachungulia dirishani. Wengine wanakoroma.

Saa 3 tuko Morogoro. Kibali, halafu mzee wa Kiluguru anayetuongoza njia. Mji uko kama mita 500 juu ya usawa wa bahari, kilele cha Bondwa tunachokiendea kimepita 2,100. Tofauti hiyo yote ni ya miguu, na jioni unaishuka tena. Huku chini ni migomba na bustani za mboga, kivuli haba, jua linakupiga kisogoni. Akina mama wanashuka na matenga kichwani kwenda soko la Chifu Kingalu, kandambili miguuni, wanatusalimia bila hata kuhema. Sisi na viatu vyetu vya laki na ushee tunaitikia kwa kupunga mkono.

Kaka wa bafuni yuko mbele. Ana spika begani, chupa moja ndogo ya maji, na koti jeusi la nailoni kafunga zipu mpaka shingoni, "nitoe jasho nipungue, dada". Nikamwambia avue, akacheka. Nikamwambia apunguze mwendo, akaongeza sauti ya muziki. Tulipopumzika Morningside, kwenye ile nyumba ya enzi za Wajerumani iliyo njiani, alikataa yai.

Msitu ulipoanza, njia ikawa mizizi na tope jekundu, maana ukungu hulowesha huko hata kiangazi. Spika ikanyamaza kwanza, kisha mwenyewe akakaa chini.

"Umekojoa saa ngapi mara ya mwisho, kaka?"

Akaniangalia kana kwamba nimemuuliza mshahara wake. "Nyumbani."

Nyumbani ni Dar, kabla hakujakucha. Kichwa kinamgonga, vigimbi vya miguu vimekaza, mikono inatetemeka. Nikamvua koti mwenyewe, ukilikamua linatoa maji. Nikamlaza, miguu juu ya mzizi, nikachanganya pakiti ya ORS, ile chumvi ya kurudisha maji mwilini, kwenye lita ya maji. Anywe kidogo kidogo, akigugumia atatapika. Alitaka kugugumia. Nikamnyang'anya chupa. Wenzake wamesimama, jasho linawapoa mgongoni, mmoja anauliza kwa nini tusimwache hapo tumpitie tukirudi. Mtu haachwi peke yake msituni. Mwingine anauliza bodaboda zinafika wapi.

"Nimelipia kilele," anasema mgonjwa, macho kafumba.

Nikamwita mzee pembeni. Yeye na msaidizi wangu wapande na kundi, saa 8 wageuze popote watakapokuwa. Mimi nashuka na huyu hadi Morningside.

Basi mtu anayedhani nalipwa kufika kileleni ajue siku hiyo Bondwa sikuiona. Nilimshusha mwanaume mzito kuliko mimi, mkono wake shingoni kwangu, kila baada ya mizizi miwili tunapumzika, goti langu la kushoto linalalamika. Sijui tulitumia muda gani. Tulipofika akala mayai matatu na ndizi, akakojoa, akalala. Nikakaa kuhesabu pumzi zake huku inzi wakinitembelea usoni.

Kundi likarudi likitetemeka na kucheka: juu kulikuwa ukungu mtupu na minara ya mawasiliano. Kushuka, giza, Chalinze, foleni ya Kibaha.

Saa 6 usiku nimeweka miguu kwenye beseni, ujumbe unaingia: "Dada, kwa kuwa sikufika juu, nirudishie nusu." Kabla sijajibu nikafungua status yake. Kaweka picha ya minara ndani ya ukungu, na chini yake: "Bondwa tumeimaliza."

Nikampigia makofi ya emoji. Pesa sikurudisha.