Siku moja maishani mwangu: natengeneza meno ya bandia Arua, Uganda

Saa 1 asubuhi. Umeme upo, kwa hiyo nang'arisha haraka kazi ya jana kabla haujakatika.

Saa 3. Daktari ananiita nije nione mdomo mwenyewe. Wengi hututumia kipimo tu, yaani chapa ya meno ya mgonjwa, kwa hiyo huyu namshukuru sana. Kwenye kiti yupo mwanajeshi mstaafu.

"Jambo, afande."

"Jambo, mwanangu."

Chini amebakiwa na meno sita ya mbele na gego dogo moja la kushoto. Kato moja linacheza ukiligusa. Hataki ling'olewe leo. Anafungua leso: meno ya nailoni aliyotengenezewa kwingine, mepesi, ya kupendeza. Gego lake lilipotoka, hayakuweza kuongezwa jino, maana nailoni haishikamani na akriliki, ile plastiki ngumu ya meno ya bandia. Aliyalipa kwa pensheni. Iliniuma.

Saa 5. Plasta nilishaimimina ndani ya kipimo palepale, kwani alginati, ule uji mzito wa kuchukulia kipimo, ikikauka hunywea. Sasa penseli: nachora chuma kitakachobeba meno yake mapya. Daktari alifikiria mwamba mwembamba wa chuma chini ya ulimi. Mwamba hukaa mbali na meno. Kato likiondoka, hakuna pa kupachika jingine. Nikampigia simu, tukakubaliana bamba la chuma linalopanda nyuma ya meno yote ya mbele. Siku hiyo ikifika, nitatoboa vitundu, akriliki ishike, jino likae. Kulabu nimeziweka kwenye chonge la kulia na lile gego dogo, na chonge la kushoto nimelichorea egemeo, mahali pa chuma kukalia, tangu sasa, gego lisije likatuacha. Bamba hufunika fizi, kweli, na uchafu hujificha. Lazima ayavue usiku na kupiga mswaki, nitamwambia mwenyewe.

Saa 7. Enyasa, ugali wa huku kwetu, na maharage.

Saa 9. Kazi ya mama mmoja niliyemtengenezea meno ya akriliki mwaka juzi. Jino lake lililopakana nayo limeng'olewa. Daktari alichukua kipimo akiwa ameyavaa, yakatoka yamenasa ndani ya alginati. Namimina plasta, nakwaruza ukingo hadi uwe mweupe, nadondosha maji ya akriliki, nasimamisha jino jipya. Saa 11 anayavaa, anapitisha ulimi taratibu. "Ni yaleyale!"

Saa 1 jioni. Chuma huyeyushwa Kampala. Nafunga plasta ya afande kwa pamba, iende na basi la usiku. Juu ya karatasi naandika kwa wino mwekundu: BAMBA, SI MWAMBA. JINO 41 LITAONDOKA. Namba 41 ndilo lile kato linalocheza.