Sifuri Badala ya Moja

Laptopu ile niliinunua mwishoni mwa mwaka 2009, Windows Vista, mfumo endeshi wa Microsoft, ikiwa inafungasha virago na mrithi wake Windows 7 inapiga hodi. Nani angenunua mashine yenye mfumo unaoaga? Kwa hiyo pakawa na mpango: kompyuta yenye Vista Home Premium, Business au Ultimate iliyonunuliwa kati ya Juni 26, 2009 na Januari 31, 2010 ilikuwa na haki ya kupandishwa hadi Windows 7 ya daraja lile lile. Nikajaza fomu ya mtengenezaji, nikasubiri, bahasha ikaja. Ndani mlikuwa na DVD ya Windows 7, diski nyingine yenye programu ya mtengenezaji ya kukuongoza hatua kwa hatua, na stika mpya ya leseni yenye ufunguo, yaani msimbo wa kuhalalishia mfumo. Kazi ilikwenda bila kelele: nikatumbukiza diski Vista ikiwa hai, nikabofya panapobofywa, nikaenda zangu kulala. Stika nikaibandika chini ya laptopu, jirani na ile ya Vista.

Mwaka 2011 diski kuu ikaanza kulia. Tk, tk, kimya, tk. Aliyewahi kuusikia mlio huo haelezwi maana yake. Mafaili yangu nikawahi kuyahamisha, nikapata diski mpya, nikafungua kifuniko cha chini na kuibadilisha mwenyewe. Mpaka hapo sikuwa na hofu yoyote. DVD ninayo, ufunguo ninao, kimebaki nini?

Kilichobaki ni kwamba diski ile ilikuwa imeondoka na Vista yangu. Watengenezaji wengi walikuwa wameacha kutoa diski ya mfumo. Badala yake walitenga sehemu iliyofichwa kwenye diski kuu, wakaweka humo nakala ya kurejeshea kila kitu kama kilivyotoka kiwandani. Yaani dawa wameihifadhi tumboni mwa mgonjwa. Diski ikifa, na nakala yake ya akiba inakufa siku hiyo hiyo. Mpaka leo sijaelewa ni nani aliyekaa kikaoni akaliona hilo ni wazo zuri.

Programu ya mtengenezaji haikunisaidia kitu, maana inaanzia ndani ya Vista. Nikaiweka kando, nikaiwasha laptopu kwa DVD ya Windows 7 yenyewe. Ilipofika kuuliza ufunguo, nikapita bila kuandika kitu. Windows 7 ilikuwa inakuruhusu hivyo, ikakupa siku 30 za kujitazamia. Usakinishaji ukamalizika, eneokazi likafunguka na nembo yake katikati. Kadi ya mtandao usiotumia waya haikutambuliwa, lakini hilo nililiona dogo.

Nikaipindua laptopu nisome stika. Joto na mapaja vilikuwa vimeifanyia kazi: wino umefifia, kona moja imekunjamana. Ufunguo una herufi na tarakimu 25, mafungu matano ya tano tano. Waliozitunga funguo hizo walituhurumia kidogo, maana hazina O wala sifuri, hazina I wala moja. Lakini B imo na 8 imo, G imo na 6 imo, na kwenye wino uliofifia hao ni mapacha. Nikamulika kwa tochi ya simu kwa ubavu, mwanga ukipita juu ya karatasi, mpaka michirizi ya chapa ikaonekana. Nikaandika. Ufunguo ukakubaliwa kwamba ni halali, kisha papo hapo ukakataliwa: huu ni wa kupandisha daraja tu, hautumiki kwa usakinishaji mpya. Msimbo 0xC004F061.

Nikampigia rafiki yangu mmoja ambaye kazi yake ni hizi mashine.

"Kaka, Vista iko wapi?" akauliza.

"Imekufa na diski."

"Basi mashine haina ushahidi kama uliwahi kuwa nayo."

"Stika yake si hii hapa chini?"

Akacheka. "Kompyuta haisomi stika, ndugu yangu. Stika tunasoma sisi."

Ndipo nikaelewa nilichokuwa nimepewa. Leseni ya kupandisha haisimami kwa miguu yake. Ni haki iliyoegemea haki nyingine. Kisheria zote mbili nilikuwa nazo, kwa sababu leseni inayokuja na kompyuta imefungwa kwenye kompyuta ile, na kubadilisha diski hakuiondoi. Ila programu haikuuliza sheria. Iliangalia diski, ikaona patupu.

Rafiki yangu akanipa njia mbili. Ya kwanza, niisakinishe Windows 7 upya nikianzia ndani ya hiyo hiyo Windows 7, ili ihesabu kwamba inapandishwa kutoka mfumo uliopo. Inafanya kazi, ila ni kukaa tena kuangalia asilimia zikipanda. Ya pili ilikuwa fupi: nifungue rejista, yaani daftari la mipangilio ya Windows, nishuke hadi folda ya Setup na ndani yake OOBE, nitafute mahali palipoandikwa MediaBootInstall. Nikashuka, nikaikuta. Thamani yake ilikuwa 1, maana yake mfumo huu umesakinishwa upya kwa kuwasha kompyuta kutoka kwenye DVD. Nikafuta moja, nikaandika 0. Nikafungua dirisha la amri kwa mamlaka ya msimamizi, nikaandika slmgr /rearm, amri ya kuirudisha upya hali ya leseni, nikawasha upya. Ufunguo ule ule, herufi zile zile, safari hii ukapita.

Kwa asiye na leseni ya mwanzo, hiyo ni hila. Kwangu mimi ilikuwa kumwambia karani jambo ambalo jalada lake limelipoteza.

Mtandao bado haukuwepo, kwa hiyo nikaamilisha, yaani nikathibitisha leseni kwa Microsoft, kwa simu. Skrini ilikuwa inakuonyesha tarakimu 54, mafungu tisa ya sita sita, nawe ukiziingiza kwenye simu fungu kwa fungu huku sauti ya mashine ikikuitikia. Baada ya fungu la tisa ikatulia, nami nimebana pumzi, kisha ikaanza kunisomea majibu: mafungu manane, kila moja na kisanduku chake, kuanzia A hadi H. Ilisoma taratibu kama imla ya darasa la kwanza. Nikabofya kitufe cha mwisho, na maneno yakabadilika: Windows imeamilishwa.

Draiva ya mtandao, programu ya kuiwezesha ile kadi, nikaileta kwa flashi kutoka kompyuta nyingine, na kufikia jioni masasisho yalikuwa yanashuka kwa mafungu.

Yule rafiki akapiga kuulizia. Nikamwambia imekubali. Akashukuru Mungu, kisha akakohoa kidogo.

"Sasa kaka, dada yangu naye ana laptopu imemsumbua. Hiyo DVD si unaweza kuniazima?"

"DVD njoo uchukue hata sasa hivi," nikamjibu. "Ufunguo unabaki hapa chini ya mashine yangu."

"Lakini tochi ninayo," akasema.