Kabla Pantoni Haijafika Gati

Mtoto wa kaka yangu alinipigia juzi usiku, ametoka kufanya mtihani wa huduma ya kwanza chuoni kwao. "Shikamoo shangazi. Hivi ni kweli mbavu huwa zinavunjika ukimbonyeza mtu kifua?" Nikamuuliza kama hawakufanya kwa vitendo. Akasema mdoli wa mazoezi wameoneshwa. Mwalimu alimtoa kabatini, akabonyeza mwenyewe huku darasa limesimama likitazama, akamrudisha kabatini. Wao wakaandika: mibonyezo thelathini, pumzi mbili. Swali la CPR, yaani kumbonyeza kifua na kumpulizia pumzi mtu ambaye moyo wake umesimama, amelipata lote. Nilinyamaza mpaka akadhani simu imekatika.

Mdoli wetu naye aliishi kabatini, mmoja kwa darasa zima. Lakini sisi tulimpata Sista, mkunga aliyekaribia kustaafu, ambaye hakuwa na imani na daftari. Jioni vipindi vikiisha alifungua chumba cha vitendo, akamlaza mdoli sakafuni, akasema anayetaka apige magoti. Wengi walienda zao kula. Wachache tuliobaki alitusimulia huku tukibonyeza: kwamba uso wa mdoli yule ulichukuliwa kwenye sura ya msichana asiyejulikana, anayesemekana alizama katika mto Seine mjini Paris, kwamba aliyemtengeneza, Asmund Laerdal wa Norway, kazi yake ilikuwa kuunda vitu vya kuchezea watoto, na kwamba mwaka uleule wa 1960, kule Baltimore, Kouwenhoven, Jude na Knickerbocker waliandika kuwa moyo uliosimama unaweza kusukumwa kwa mikono miwili bila kupasua kifua. Aliyasema hayo kwa heshima, kama anayetaja wazee wa ukoo.

Alichokisisitiza zaidi ni hesabu. Kasi ni mibonyezo 100 hadi 120 kwa dakika, kifua cha mtu mzima kishuke sentimita 5 hadi 6, halafu kiachwe kirudi juu kabisa ndipo ubonyeze tena. Sasa ukihesabu "ishirini na saba, ishirini na nane," ulimi unaichelewesha mikono. Kwa hiyo alitutaka tuhesabu moja hadi kumi, mara tatu. Vitabu vya maktaba yetu bado vilisema anza na njia ya hewa. Yeye akasema hapana, tangu 2010 utaratibu umegeuzwa, mtu mzima akianguka ghafla anza na kifua.

Daraja la Kigamboni, Dar es Salaam, lilifunguliwa 2016. Ninayosimulia ni ya kabla ya hapo, wakati sote tulivukia Feri. Mimi na mwenzangu tulikuwa tunatoka wodini, bado tuna sare. Pantoni imejaa, magari katikati, watu pembeni, akina mama na ndoo zao za samaki. Tulikuwa tumeshaondoka gati ya mjini nilipomwona baba mmoja, mtu mzima mwenye shati la mikono mirefu na mkate mkononi, akishika nguzo, akaikosa, akaanguka chali.

Watu walimzunguka mara moja. Huyu anasema apepewe, huyu apewe kitunguu anuse, mmoja anatafuta kijiko amweke kati ya meno, mwingine keshammwagia maji. Halafu sauti ya mwanamke ikasema, "Wapisheni manesi!" na watu wakatupisha. Wale watu hawakujua sisi ni wa mwaka wa pili. Waliona sare tu.

Mwenzangu alimpiga mabegani akimwita, "Baba! Baba, unanisikia?" Kimya. Mimi nikaweka vidole shingoni kutafuta mapigo, na hapo nikakutana na jambo ambalo hakuna darasa lililonitajia: pantoni inatetemeka. Injini inaguruma chini, bati zima la sakafu linatikisika, na mtikisiko ule unapanda magotini hadi kwenye ncha za vidole. Kila nilipodhani nimepata pigo, lilikuwa la injini. Sista alisema usizidishe sekunde kumi kutafuta mapigo, na kwamba ukiwa na shaka, anza. Nikamtazama usoni. Mdomo ulifunguka, akavuta hewa kwa mkoromo, akatulia. Baada ya kitambo, mkoromo mwingine. Kijana mmoja akapaza sauti, "Anapumua huyo, mwacheni!" Watu wakaanza kumshukuru Mungu.

Hakuwa anapumua. Ile ni mivuto ya mwisho ambayo mwili hutoa moyo ukiwa umeshasimama, na huwadanganya watu wengi wenye nia njema. Nilifungua vifungo vya shati, nikaweka kiganja katikati ya kifua, cha pili juu yake, nikanyoosha viwiko na kubonyeza. Moja, mbili, tatu. Mdoli ana springi. Ukifikia kina anatoa mlio mdogo, ukijua umefanya sawa. Kifua cha mtu kina joto, kina jasho, na mwanzoni kinagoma. Kwenye mibonyezo ya mwanzo nilisikia kitu kikikatika chini ya kiganja changu, nikakisikia kwa mkono kabla ya sikio. Mama aliyekuwa karibu nasi alisikia pia, akalia, "Jamani mnamuua!" Mwenzangu hakuinua kichwa. Alisema, "Usisimame. Nne, tano," na nikaendelea, kwa sababu Sista alishatuambia kwamba mbavu zinaweza kuvunjika, na kwamba mbavu huunga.

Barakoa ya kupulizia hatukuwa nayo, kwa hiyo tulikandamiza tu. Tulibadilishana mikono ilipochoka. Akina mama walitushikia kanga kutukinga jua, na yule kijana aliyesema anapumua akaanza kutuhesabia kwa sauti, moja hadi kumi, bila kukosea. Maji yale huvukwa kwa dakika chache. Ubongo nao, ukikosa hewa, huanza kuharibika baada ya dakika kama nne hivi. Muda ule nilikuwa nayajua yote mawili, na nilikuwa naiangalia gati.

Yaliyofuata yalikwenda mbio. Mlango ukashushwa, vijana wakambeba, teksi ikapatikana. Akaingizwa kiti cha nyuma amejikunja, mwenzangu akajibana naye, na ndani ya gari lile hakukuwa na nafasi ya kunyoosha mkono, sembuse kukandamiza kifua. Kwenye kituo cha afya walimpima, wakaandika saa. Nilifika na bodaboda baadaye, nikamkuta mdogo wake marehemu ukumbini. Alitushika mikono yote miwili, akasema, "Asanteni wanangu, hamkumwacha peke yake."

Nimemsimulia yule mtoto haya yote, kisha nikamwambia akunje blanketi gumu sakafuni, apige magoti, ahesabu moja hadi kumi mara tatu mpaka jasho limtoke, na kesho aende na wenzake wamwombe mwalimu ufunguo wa kabati. Wakatae kuondoka bila kumgusa yule mdoli. Akaniuliza, "Lakini shangazi, si alikufa?"

Alikufa. Kwa watoto wachanga ningemjibu bila kusita: hospitali 8 za hapa Tanzania zilipofundisha wakunga kumsaidia mtoto apumue ndani ya dakika ya kwanza, kwa mdoli na ambubegi, ule mfuko wa kupulizia hewa, mikononi, vifo vya saa 24 za mwanzo vilipungua kwa asilimia 47, na utafiti huo ukachapishwa 2013. Nimewashika watoto wa namna hiyo mimi mwenyewe, wakalia. Kwa mtu mzima aliyeanguka mbali na mashine ya kushtua moyo, jibu langu ni fupi zaidi. Mikono humshikilia mtu mpaka msaada ufike, na msaada wenyewe lazima uwepo mahali fulani.

Mwenzangu sasa yuko idara ya dharura, mashine hiyo iko hatua chache kutoka mezani kwake. Yeye hushikilia kwamba tungeikataa teksi, tumlaze palepale gatini tuendelee kukandamiza. Mimi humuuliza, tuendelee mpaka aje nani? Naye huniuliza, na ile teksi ilimpeleka kwa nani? Tukikutana hatumalizi chai kabla hatujafika hapo, na mpaka leo hatujakubaliana.