Nilivyoipanga filamu yangu kama shairi

Filamu yangu fupi ya kwanza ilinichukua bamvua tatu, zile siku bahari inapojaa na kupwa sana, na picha za bamvua la kwanza nilizitupa karibu zote. Nilikuwa Paje, pwani ya mashariki ya Unguja, nikimrekodi mama yangu mdogo kwenye shamba lake la mwani. Kilimo hiki kilishika kasi Zanzibar tangu mwaka 1989, na wengi wa wakulima wake ni wanawake. Yeye alikiingia hana hata kitanda chake mwenyewe. Kamba kwa kamba za kufungia mwani akanunua matofali, na leo ana nyumba ambayo hakuna wa kumwambia atoke.

Nilitaka hilo lionekane. Nikaandika shairi refu, nikalisoma kwa sauti yangu juu ya picha: uhuru, bahari, moyo usioshindwa. Nilipomwonyesha kwenye simu alisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Maneno mazuri, mwanangu. Lakini hapo miye nahesabu kamba."

Yaliniingia. Nguvu zake zilikuwa pale pale, kwenye vidole vinavyohesabu, nami nimezifunika kwa maneno yangu. Nikafuta sauti yote.

Sasa ushairi utabaki wapi? Nikakumbuka mizani, ile hesabu ya silabi katika kila mshororo. Nikapanga beti 5, kila ubeti picha 4, kila picha sekunde 16, kama mshororo wa mizani 16. Kwenye sekunde ya 8, mahali pa kina cha kati, silabi ya urari katikati ya mshororo, lazima kitu kitue: fundo linakazwa, kijiti kinazama mchangani, maji yanagusa goti. Jumla dakika 5 na sekunde 20. Hapo ndipo nilipotaabika hasa, maana maji yakipwa una saa chache tu kabla hayajarudi, na niliapa kutomwomba arudie lolote kwa ajili ya kamera. Yuko kazini. Basi nilisimama majini, nikamngoja yeye.

Kibwagizo kilikuja chenyewe. Kila akitoka baharini hufungua pindo la kanga, akatoa ufunguo wa mlango wake. Nilikuwa na picha za ufunguo huo za siku nyingi, kanga tofauti, pindo lile lile. Picha hiyo ndiyo inayofunga kila ubeti.

Juzi tuliitazama ukutani kwake, majirani wamekaa mkekani, hakuna aliyesema neno. Ufunguo ulipotokea mara ya tano, nilimwona mkono wake umekwenda kushika pindo.